Jinsi ya Kunusa Ua Mpaka Moyo Uhudhurie: Mwongozo kwa Anayeanza Nairobi

Maswali ya wanaoanza huwa yale yale. Ninuse ua gani? Kwa muda gani? Mbona sisikii chochote? Dini yangu inaruhusu? Na lile la kila anayekaa fleti ya Pipeline au Roysambu: nitoe wapi ua, ilhali dirisha langu linatazama ukuta wa jirani? Nayajibu yote hapa kwa utaratibu, ili ukianza kesho asubuhi usikwame.

Zoezi lenyewe ni dogo. Unachukua ua moja linalonukia, unakaa nalo dakika kumi, na unaifuata harufu yake inavyokuja, inavyogeuka na inavyoisha, bila kukimbilia jambo lingine. Kinachojengeka ni uwezo wa kuhudhurisha moyo. Ndio anaouhitaji mtu aliyesimama kwenye swala, anayesali rozari au anayekaa kimya mbele za Mungu, kisha akashtuka akili yake iliondoka zamani kwenda kuhesabu kodi ya nyumba. Naamini kabisa kwamba moyo usioweza kutulia mbele ya ua utapata taabu kutulia mbele ya kitu kikubwa zaidi.

Nadharia inatosha aya moja. Habari za harufu hufika kwenye sehemu za ubongo zinazoshughulikia hisia na kumbukumbu kwa njia fupi kuliko habari za macho na masikio, na ndiyo maana harufu hukugusa kabla hujapata neno la kuiita. Binadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi vya harufu. Linda Buck na Richard Axel walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004 kwa kazi yao ya kueleza jinsi vipokezi hivyo vinavyofanya kazi. Jambo la pili ni kwamba pua huzoea upesi. Harufu ile ile ikikaa dakika chache, huisikii tena. Kwa hiyo harufu ni mwalimu mkali: kama hukuwepo ilipopita, imepita.

Vya kuandaa

- Ua moja linalonukia kweli (soma sehemu inayofuata kabla ya kununua)
- Mahali pa kukaa dakika kumi bila kusumbuliwa
- Maji ya kunawa, bila sabuni ya manukato
- Saa au simu yenye kengele
- Daftari na kalamu

Asiyekuwa na daftari atumie karatasi yoyote. Asiyekuwa na ua hana zoezi, kwa hiyo tukae hapo kidogo.

Kuchagua ua

Wengi hukimbilia waridi la kukatwa, lile linalofungwa kwa karatasi inayong'aa. Mawaridi mengi ya biashara, yakiwemo yale ya mashamba ya Naivasha, yamezalishwa ili yavumilie safari ndefu na yakae siku nyingi kwenye chombo. Harufu haikuwa lengo, na mengi hayanukii chochote. Isitoshe, huwa yamenyunyiziwa dawa za wadudu. Usiweke pua yako humo ukatarajia kukutana na roho yako. Utakutana na dawa.

Bogenvilia hupendeza macho lakini hainukii. Jakaranda, zinazoupaka mji rangi ya zambarau kuanzia Septemba hadi Novemba, zina harufu hafifu sana kwa anayeanza. Ziache mpaka pua yako ikomae.

Yanayofaa ni haya. Yasmini, ambayo hupanda kwenye nyua nyingi za Parklands na South C, na hunukia zaidi jioni na usiku. Waridi la bustani la aina za kale, lenye petali nyingi zilizolegea. Franjipani. Ua la mndimu au mlimau, ambalo watu hulipita kila siku bila kujua lina nini. Kuna pia kichaka ambacho maua yake hufunguka yakiwa ya zambarau, kesho yake yamefifia, keshokutwa ni meupe. Wauza miche hukiita kwa jina la Kiingereza lenye maana ya jana, leo na kesho. Harufu yake ni nzito na tamu, na kwa zoezi hili ni hazina, kwa sababu tawi moja hukupa ua la umri wa aina tatu. Usikile tu, kina sumu, na mbwa wa nyumbani asikitafune.

Ukienda msitu wa Karura, tafuta mtandamboo, ule ambao Wakikuyu huuita mũkawa. Ni kichaka cha miiba chenye maua madogo meupe yaliyoguswa na rangi ya waridi, na harufu yake haifanani hata kidogo na udogo wake. Na kama una ndugu Kiambu mwenye mibuni, mwombe akupigie simu mvua zikishaanza kunyesha. Kahawa huchanua baada ya mvua, shamba zima likawa jeupe, linanukia karibu na yasmini, na baada ya siku chache hakuna kitu. Ukipata nafasi hiyo mwaka mmoja, nenda.

Wa fleti wasivunjike moyo. Nunua mche wa mrehani kwenye vitalu vya kando ya Ngong Road au Kiambu Road, upande kwenye mkebe uliotobolewa chini, uuweke dirishani. Ukitoa maua, una zoezi la miezi. Mrehani una heshima yake ya zamani: Pwani hutiwa kwenye kikuba pamoja na yasmini, na mwanamke aliyevaa kikuba hujulikana amepita hata kama hukumwona. Ukitaka maua ya kukatwa, nenda City Market, Muindi Mbingu Street, umuulize muuzaji yapi yananukia, na unuse kabla ya kulipa. Chagua kwa pua, wala usione haya.

Maua ya kukaa mbali nayo

Kuna mti mdogo unaopendwa kwenye nyua za Nairobi, wenye maua makubwa yanayoning'inia chini mfano wa tarumbeta, meupe, ya manjano au ya pinki. Jioni hunukia utamu wa ajabu. Kila sehemu ya mti huo ina sumu. Watu wameula au kuunywa wakitafuta maono, wakapata kuchanganyikiwa, wengine wakafa. Mtu yeyote akikuambia kwamba ua hilo hufungua macho ya rohoni, ondoka hapo. Olianda nayo, ile ya kando ya barabara yenye majani membamba magumu, ina utomvu wenye sumu. Usiichume wala kuiwasha moto.

Mwenye pumu au mzio wa chavua azungumze na daktari kwanza, na aanze na ua lililo mbali, nje, penye hewa.

Mahali na saa

Asubuhi kati ya saa moja na saa tatu, kabla ya jua kukausha kila kitu, au jioni kwa yasmini. Baada ya mvua ni bora zaidi. Baridi ya Julai hupunguza harufu, kwa hiyo likumbatie ua kwa viganja viwili dakika moja ulipashe joto.

Nyumbani panatosha. Ukitaka nje, kuna Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907, na kuna Karura, ambayo bado ni msitu kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea mwaka 1999. Nikikaa Karura huwa naanza kwa kulikumbuka hilo. Mahali pa kutulia palilindwa na watu ambao hawakupata utulivu. Lipia kiingilio, na usichume kitu. Nusa ua likiwa kwenye tawi lake. Jeevanjee Gardens mchana ina wahubiri na mijadala, kwa hiyo iache kwa sasa. Popote uendapo nje, nenda na mwenzako wa kukaa macho wakati wewe umeyafumba, na simu iwe mfukoni.

Hatua

1. Nawa na ujisafishe harufu. Maji matupu mikononi na usoni. Usijipake losheni wala marashi asubuhi hiyo. Usiwe umetafuna ubani wa mnanaa wala umetoka kukaanga vitunguu. Weka kengele ya dakika kumi, kisha simu ilaze kifudifudi. Picha ya ua, kama lazima, ipigwe zoezi likiisha.

2. Kagua ua. Tazama ndani kabla ya kuleta pua. Nyuki wetu ni wakali, na chungu hujificha chini ya petali. Tikisa taratibu. Ua lolote usilojua lilinyunyiziwa nini, liache.

3. Vuta pumzi tatu bila ua. Kaa, nyayo zote mbili chini. Sikia hewa ilivyo: moshi wa matatu, chapati za jirani, udongo, mfereji. Usiikasirikie. Hapa ndipo unapoishi, na moyo hauhudhurii mahali unapopakataa.

4. Weka nia. Sentensi moja, kwa lugha ya nyumbani kwenu. Mwislamu aseme bismillahi, Mkristo aombe kwa ufupi, asiye na dini aseme tu, "Niko hapa kwa dakika kumi." Usirefushe, sala ndefu hapa ni njia ya kuliepuka ua.

5. Leta ua, lakini lisiguse pua. Liache umbali wa upana wa kiganja. Vuta hewa kidogo kidogo, mara mbili au tatu, mfano wa mpishi anayeonja chumvi kwa ncha ya ulimi. Kisha geuza uso pembeni utoe pumzi kwa mdomo. Anayevuta pumzi moja kubwa mpaka kifua kijae huichosha pua mara moja, na wengi huhisi kizunguzungu.

6. Ipokee harufu kabla ya kuipa jina. Akili itasema haraka: nzuri, ya sabuni, ya harusi ya dada. Isikie ikisema, kisha rudi. Jiulize mambo madogo. Ni nzito au nyepesi? Ina ubaridi au joto? Inaishia puani, kooni, au inashuka kifuani? Kuna kitu kichungu nyuma ya utamu? Yasmini ina kitu kizito, karibu cha mnyama, chini ya utamu wake. Usikikimbie, ni sehemu ya ua.

7. Ifuate mpaka mwisho. Hatua hii ndiyo kiini, na wengi huiruka. Baada ya kutoa pumzi, harufu hupungua, inakuwa uzi, kisha haipo. Usirudie kunusa mara moja. Kaa katika ule upenyo ambapo harufu imeisha na bado hujaitafuta nyingine. Huenda ukawa wa sekunde tatu tu. Ndani yake hakuna ua, hakuna neno, na wewe upo, macho ya ndani yakiwa wazi. Wanaofanya zoezi hili kwa muda husema ndipo wanaposikia utulivu wasioutengeneza wao. Sikuahidi utausikia wiki hii. Nakuahidi kwamba ukiendelea kuukimbia upenyo huo kwa kunusa tena na tena, hutausikia kamwe, na ua litakuwa starehe tu.

8. Akili ikiondoka, irudishe. Itaondoka. Itaenda kwenye M-Pesa, kwenye ugomvi wa jana, kwenye mtoto aliyekohoa usiku. Usijikaripie. Pumzi, ua, harufu. Kila kurudi ni zoezi lililofanyika.

9. Pua ikichoka, ipumzishe. Baada ya dakika chache ua litaonekana limeacha kunukia. Halijaacha, wewe umelizoea. Liweke mbali, nusa upande wa ndani wa kiwiko chako, vuta hewa ya kawaida kama dakika moja, kisha rudi. Harufu itakuwa pale pale. Kaa kidogo na jambo hilo, kisha fikiria nani au nini nyumbani kwako umekizoea hivyo hivyo.

10. Shukuru, andika mstari mmoja. Usiandike insha. "Leo ilikuwa chungu mwanzoni." "Leo sikuwepo." Inatosha.

Fanya hivyo kwa siku saba na aina ile ile ya ua. Kama ni la kukatwa, tumia ua lile lile, hata likianza kunyauka. Siku ya nne au ya tano harufu hugeuka, utamu huingia uchachu, baadaye huja harufu ya majani yaliyooza. Linuse na hapo. Mtu anayelitupa ua siku lilipoacha kupendeza amejifunza nusu tu ya lililokuwa mkononi mwake.

Makosa ninayoyaona sana

Maua mengi kwa pamoja. Shada zima ni makelele, chukua moja.

Kutumia marashi, udi au mafuta ya chupa badala ya ua. Navipenda vyote, na nyumba iliyofukizwa udi Ijumaa ina baraka yake. Lakini marashi yametengenezwa ili yafanane leo na kesho, na zoezi hili linategemea kitu kilicho hai kinachobadilika saa hadi saa.

Kuwinda maono. Usipoona nuru, hujashindwa. Na akitokea mtu wa kukuuzia mafuta ya upako wa maua au kozi ya ngazi saba, baki na hela zako.

Kunusa maua ya watu ya ibada. Karibu na mahekalu ya Wahindu utakutana na vitanga vya maua ya kwenda kutolewa kwa miungu. Kwa desturi yao, ua la kutoa halinuswi kwanza. Usiiname juu ya kitanga cha mtu, hata kwa nia njema.

Likikwama

*Sisikii harufu yoyote.* Kwanza badilisha ua na saa. Jaribu yasmini jioni. Kama una mafua, subiri yaishe. Kama uwezo wa kunusa ulipotea tangu Korona au ugonjwa mwingine, mwone daktari wa masikio, pua na koo. Kuna mazoezi yanayotumika hospitalini: kunusa harufu nne, yaani waridi, mkaratusi, limau na karafuu, mara mbili kwa siku, kwa wiki 12 au zaidi. Unaweza kuyafanya kwa nia ile ile ya hatua ya nne. Kuhudhuria mahali ambapo harufu haipo bado ni kuhudhuria, na nimewaona watu hao wakiwa na subira kuliko sisi wenye pua nzima.

*Kichwa kinauma.* Ua ni kali mno au liko karibu mno. Liweke mezani, wewe kaa hatua mbili nyuma, fungua dirisha. Likiendelea, acha ua hilo kabisa.

*Nasinzia.* Fanya ukiwa umesimama, macho wazi. Au lala mapema. Mwili unaodai usingizi hauna deni la kiroho.

*Nalia, na sijui kwa nini.* Hili hutokea sana Nairobi, na lina sababu. Wengi wetu tulikutana na maua mengi kwa mara ya kwanza msibani: mashada juu ya jeneza, yungiyungi zilizofungiwa katika chumba kidogo, joto, watu wamebanana. Pua haisahau. Miaka imepita, unainua ua kwa nia ya utulivu, na mama yako anafariki upya. Usilazimishe kubaki. Fungua macho, bonyeza nyayo chini, gusa kitu kigumu, mtaje marehemu kwa jina na umwombee kwa namna ya dini yako. Kesho tumia ua lisilo na uhusiano na siku hiyo. Ua la mndimu mara nyingi ni salama. Baada ya wiki kadhaa, ukitaka, unaweza kurudi kwa lile la kwanza, kwa umbali, pumzi moja tu. Wengine hurudi na hupata kwamba harufu ile imekuwa mlango wa kumkumbuka mtu akiwa hai. Wengine hawarudi, na si lazima. Huzuni ikikuzuia kula au kulala, zungumza na mtu: mshauri, padri, imamu, shangazi unayemwamini.

*Dini yangu inaruhusu?* Muulize kiongozi wako, lakini nenda ukijua haya. Katika Sahih Muslim imo hadithi kwamba anayepewa rehani, yaani mmea wa kunukia, asiikatae, kwa kuwa ni nyepesi kubeba na inanukia vizuri. Yesu aliwaambia wanafunzi wake wayatafakari maua ya shambani. Wabudha wa madhehebu ya Zen husimulia kwamba Buddha aliinua ua bila kusema neno, na mwanafunzi wake Kashyapa peke yake akatabasamu. Zoezi hili haliabudu ua. Na lisichukue nafasi ya swala wala ibada yako. Lifanye kabla, uone unaingia ukiwa na moyo wa namna gani.

*Watu wananicheka.* Fanya nyumbani asubuhi na mapema. Wa nyumbani wakicheka, mpe mmoja wao ua anuse, umuulize anasikia nini.

*Nimezoea, sasa sipati jipya.* Umefika wakati wa ua usilolipenda. Chukua la manjano lenye harufu kali ya majani, au nusa yasmini iliyonyauka, ufuate hatua zile zile. Anza na dakika tano, kwa sababu utataka kuondoka mapema, kisha rudi kwenye kumi.